Ubeti wa Kwanza Ndani ya Probox

Emmanueli si mtu wa kusifu. Chakula kikiwa kitamu husema chumvi imetosha, na siku ya harusi yetu aliponiona nimevaa shela alisema gauni limenikaa. Kwa hiyo siku aliporudi kutoka Mkange, akasimama mlangoni pa kibanda changu cha cherehani hapo Zinga na kusema nimeimba vizuri, amenisikiliza njia nzima, nilikuwa nimeshika pasi na nusura niunguze gauni la mteja. Nikamwambia aseme tena. Akasema tena, kisha akaenda kuoga.

Asiyetujua ataona hilo si jambo la kumbabaisha mama mtu mzima. Lakini naimba kwaya tangu usichana, na mume wangu alikuwa hajawahi kunisikia. Kazi yake ni kusambaza vifaranga vya kuku. Wanatotolewa Jumamosi, na kifaranga hasubiri misa. Jumapili alfajiri Emmanueli anapakia maboksi ndani ya Probox yake na kushika njia ya Mkange au ya Vigwaza kabla jua halijawa kali. Yeye husali kwenye kigango chochote atakachokikuta njiani. Nyumbani nako tumepanga, tunachangia ukuta na mama mwenye nyumba ambaye kichwa humuuma kila siku ya Mungu, kwa hiyo nyimbo zangu za jikoni ni za kunong'ona. Sauti yangu yenyewe, ile ya juu, ilikuwa inakaa kanisani. Nimeishi na mtu huyu, nimemzalia Lulu, nimemuuguza malaria akiweweseka, na hakijui kitu kimoja ninachokiweza kuliko watu wengi. Lilikuwa linaniuma, sifichi.

Mwaka huu mwalimu wetu wa kwaya, Herman, alinipa ubeti wa kuimba peke yangu katika wimbo unaoitwa "Njooni Tuvune," tukaenda kuurekodi Dar. Niliporudi na flashi nilimweleza Emmanueli kama ninavyomweleza mteja vipimo vyake. Wimbo unaanza na kinanda na ngoma, nikamwambia, halafu naingia mimi. Sauti ya kwanza kabisa utakayoisikia ndiyo yangu. Wenzangu wote wanakuja baadaye, kwenye kiitikio.

Alinisikiliza akitafuna mhogo. Wakati huo gari lake lilikuwa na redio ileile lililokuja nayo kutoka Japani, ambayo kila ukiwasha gari mwanamke alikuwa anakusalimia Kijapani, na masafa yake yanaishia kabla ya kufika kwenye stesheni zetu. Emmanueli alikuwa anaendesha kimya, na kelele za vifaranga nyuma. Basi siku chache baadaye akarudi jioni gari likiwa na redio nyingine, nayo ya mtumba wa Japani, maandishi yake yote kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagika, ila hii ilikuwa na tundu la flashi. Na milangoni kulikuwa na spika mpya, mbili mbele na mbili nyuma. Alikuwa amepeleka gari kwa fundi Najim, Bagamoyo mjini, bila kuniambia. Mwanamume asiyejinunulia hata viatu vipya alinunua spika ili anisikie. Nililia kidogo nikikuna nazi, nikasingizia moshi.

Ndiyo maana aliposema nimeimba vizuri, sikuweza kuiacha sifa ile ipite hivihivi. Wakati wa kula nikamuuliza amependa wapi hasa.

"Pale unapoita njooni," akasema. "Pale unaita kweli. Hata vifaranga walinyamaza."

Nikaacha kutafuna. Neno "njooni" halimo katika ubeti wangu. Ndilo linaloanza kiitikio, na anayeliita ni Clara, mke wa katekista, halafu ndipo kwaya nzima inafuata. Nikajisemea kwamba mtu anayeendesha gari kwenye barabara ile ya vumbi anatazama mbuzi na mashimo, hawezi kushika kila kitu. Nikamshukuru, nikamwongezea mboga. Ila lilinikaa.

Nilikuwa na safari ya mjini kununua nyuzi na zipu, nikamwomba lifti. Tulipotoka Zinga tu akawasha redio mwenyewe, akaongeza sauti, akakaa vizuri kitini kama mwenye gari la waziri. Kinanda kikaanza. Ngoma zikaingia, zikalia kinyonge kidogo, kama zimepigwa chumba cha pili. Nikabana pumzi kungoja pale ninapoingia mimi.

Pale ninapoingia mimi palipita patupu.

Kinanda kiliendelea kwa raha zake, kayamba zikachezacheza upande wa dereva, na ubeti mzima ukaenda bila mtu. Nilidhani nimechanganya, labda utangulizi ni mrefu kuliko ninavyoukumbuka. Kisha kutoka kwenye mlango wa upande wangu, hapa karibu na goti, Clara akaita, "Njooni." Safi kabisa, kila herufi mahali pake.

Emmanueli akainua kidole kutoka kwenye usukani. "Si unaona? Huyo hapo."

"Huyo nani?"

"Wewe." Akacheka. Mume wangu akacheka kwa furaha, mtu ambaye meno yake yanaonekana kwa nadra.

Nilikuwa nimemwambia mwenyewe kwamba sauti ya kwanza ndiyo yangu, na sauti ya kwanza iliyomo ndani ya gari lile ilikuwa ya Clara. Nikimwambia si mimi, itabidi nimwambie pia kwamba mimi simo, kwamba nimejisifia ubeti ambao haupo. Uso ulinichoma. Nikageukia dirishani nikatazama mashamba ya minazi mpaka tukafika, nikashuka sokoni nikasahau hata rangi ya zipu niliyoifuata.

Akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwa Herman. Kabla ya kurekodi tuligombana naye. Alichagua kitambaa cha sare za kwaya mwenyewe, mimi ndiye mshonaji, nikasema mbele ya watu wote kwamba kitambaa kile kitachuja rangi kabla ya Pasaka. Kikachuja. Mtu aliyeumbuliwa hivyo mbele ya sauti ya kwanza na sauti ya pili anaweza kufanya lolote, nikawaza. Amenikata. Amekwenda Dar, amemwambia fundi wa studio amfute yule mama mwenye mdomo.

Nikamwambia Emmanueli naazima flashi, nikaenda nyumbani kwa Herman nimefura. Tukasalimiana kama kawaida, akaniuliza habari za nyumbani, nikamuuliza za kwake, mkewe akaniletea kiti. Ndipo nikamwambia kwamba kama hakunitaka angeniambia mapema nisiende Dar kujichosha. Herman akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua. Akachukua flashi ileile niliyoitoa garini, akaichomeka kwenye redio yake ya mezani.

Kinanda, ngoma, halafu mimi. Niko katikati kabisa, mbele ya vyombo vyote, sauti imetulia. Sikuwa nimejisikia tangu siku ya studio, na nasema bila aibu kwamba nilikuwa vizuri. Mke wa Herman alisimama na sinia mkononi mpaka ubeti ukaisha.

"Sasa nani amekukata, Vaileth?" Herman akauliza, kwa upole ambao uliniudhi kuliko angenifokea.

Nikasema labda nimechoka. Nikaondoka na flashi nimeifumbata, na jioni, Emmanueli alipokuwa bafuni, nikaingia kwenye gari nikaichomeka. Kinanda, ngoma, patupu, Clara. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikaichomeka tena. Kinanda, ngoma, patupu, Clara. Nilitoka garini nikakaa kwenye ngazi. Flashi ni moja, wimbo ni mmoja, na mimi nilikuwa nipo kwa Herman na sipo kwangu. Mama mwenye nyumba aliyekuwa akichungulia aliniuliza kama gari lina tatizo. Nikamwambia gari ni zima.

Tangu hapo nikawa mtu wa kununa ovyo. Nilimkatia mteja kola kinyume. Nilianza kuwaza mambo ya ajabu, mara ni ishara, mara kuna mtu ananichezea, mimi ninayewacheka wanaofunga vitambaa vyekundu milangoni. Na kila jioni Emmanueli alirudi akisifu. Siku moja alisema akipita Vigwaza ile sauti inampa usingizi mzuri, siku nyingine akasema hapana, inamwondolea usingizi. Nilimsikiliza akimsifu Clara huku akinitazama mimi machoni, nikasema asante, nikala chakula changu. Kumwonea wivu mwanamke ambaye hana habari, kwa sifa ambazo aliyezitoa anadhani ni zangu, ni kazi ngumu. Sikujua nimkasirikie nani.

Kilichonifumbua macho ni Mzee Yosefu. Nilikuwa nimemsindikiza Emmanueli hadi Mkange, akashuka kwenda kuwahesabia wateja vifaranga wao, mimi nikabaki garini. Nikaiacha flashi iendelee, nyimbo nyingine sikuwa nimezisikiliza humo kwa sababu ya hasira. Wimbo wa tatu ni wa Mzee Yosefu, mwenyekiti wetu, sauti yake ya besi inatikisa vioo vya kanisa. Na yeye alikuwa hayupo. Kilikuwa kinanda tupu kikimsindikiza mtu asiyekuwepo. Hapo nikajua Herman hana kosa. Anaweza kunikata mimi, lakini kumkata Mzee Yosefu hathubutu hata usingizini.

Basi ni gari. Gari limechagua watu. Nikaanza kubonyeza vitufe vya redio bila kujua kimoja kilichoandikwa nini. Skrini ikabadilika rangi, ikaonyesha picha ya viti vinne na kialama kidogo. Nikabonyeza, kialama kikasogea upande mmoja. Nikarudisha wimbo wa kwanza, nikabonyeza tena mpaka kikagota ukingoni, na ghafla nikajisikia. Neno moja na nusu. Sauti yangu, ndani ya gari lile, hafifu lakini yangu. Nilishtuka hata kidole kikagonga kitufe kingine, picha ikapotea, na mimi nikapotea nayo. Nilitafuta ile picha ya viti mpaka jasho likanitoka. Sikuiona tena.

Emmanueli aliporudi alinikuta nimeinamia redio nywele zimesimama. Nikamwambia nimejisikia.

"Si nilikuambia umo," akasema, akawasha gari.

Njiani nikamwambia lazima twende kwa Najim, spika zina kasoro. Akakataa. Nilidhani atasema hana nafasi, lakini alikataa kwa namna ambayo sikuitegemea, kama mtu anayelinda kitu. Akasema muziki unapiga, ngoma hazina nguvu lakini fundi alisema spika mpya bado ngumu, zitalainika zenyewe. Nikashikilia. Akaendesha mpaka tulipovuka daraja, kisha akasema bila kunitazama:

"Wakifungua wataharibu. Halafu nitakukosa njiani."

Moyo uliniuma, na uliniuma mahali pawili kwa wakati mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa ninachokitaka. Sikutaka kumweleza. Maelezo yangetutia aibu mimi na yeye. Nilitaka spika zitengenezwe, nirudi mahali pangu, aisikie sauti ile na aitambue mwenyewe bila kuambiwa. Aseme, huyu ni mke wangu. Mtu anayelala na mimi kitanda kimoja anashindwaje? Nikambembeleza siku nzima, nikampikia pweza wa nazi, mwisho akakubali kwa sharti kwamba flashi isiguswe.

Najim ana kijumba cha bati nyuma ya maduka ya vipuri, kijana mchangamfu, mikono haitulii. Alimwamkia Emmanueli, akaniita shemeji, akauliza mzigo una shida gani. Nikamwambia waimbaji hawasikiki. Akacheka, akasema labda kwaya haikushiba siku hiyo. Akachomeka flashi yake mwenyewe, akatafuta wimbo wa msanii anayempenda, ambao alisema anaujua mpaka pumzi zake. Ngoma zikaja, gitaa likaja. Msanii hakuja. Najim akasogeza sikio kwenye mlango wa kulia, akasogeza kwenye wa kushoto. Akausimamisha wimbo, akauanza upya, akaangalia skrini kuhakikisha ni wenyewe.

"Astaghfirullah," akasema polepole. "Jamaa kaenda wapi?"

Sitaficha kwamba nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze alikuwepo mtu mwingine asiyeelewa.

Nikamuuliza alizijaribuje siku ile ya kufunga. Akasema kama anavyojaribu siku zote. Anawasha, anaweka kiganja kwenye kila spika, ikitikisika mkononi basi inafanya kazi, anazima, anafunga mlango. Hasikilizi wimbo, kelele zinamfukuzia wateja. Akafungua makava ya milango, akatoa zulia la upande wangu, na nyaya zikaonekana. Kila spika ilikuwa na waya wake wa chanya uliokwenda kwenye redio. Nyaya za hasi alikuwa amezikusanya zote pamoja kwa tepu nyeusi, fundo moja nene, na kutoka kwenye fundo waya mmoja tu umekwenda kukazwa na bolti kwenye bodi ya gari.

Emmanueli akauliza kwa nini hizi zimefungwa pamoja. Najim akaeleza kwa fahari kwamba ndivyo alivyofundishwa na marehemu mjomba wake Ramadhan, aliyefunga redio za Landrova zote za wilaya hii enzi hizo. Hasi zote ni ndugu, mjomba alikuwa anasema, zikusanye uzipeleke kwenye bodi, unaokoa waya na kazi inakuwa safi. Akaigusa bolti ile, ikamwachia vumbi la kutu mkononi. Kabla ya vifaranga gari lile lilibeba dagaa kwa mwenye nalo wa kwanza, na chumvi yake ilikuwa imeila sakafu taratibu chini ya zulia. Waya ule ulikuwa umekazwa kwenye kutu. Haukugusa chuma popote.

Najim akachangamka. Akasema ugonjwa ameuona, akachukua msasa akaisugua ile bolti mpaka ikang'aa, akaikaza kwa nguvu zake zote, akawasha. Redio ikatoa mlio mmoja ikazima kabisa. Emmanueli akanitazama, nikatazama chini. Najim akailegeza bolti. Redio ikawaka, na msanii wake bado hayupo. Akaikaza, ikazima. Alirudia mpaka na yeye akakaa chini kwenye tairi, akavua kofia.

"Nikifunga vizuri haiimbi," akasema. "Nikifunga vibaya inaimba nusu. Shemeji, hii sijawahi kuiona."

Akampigia simu Sharifu, fundi mwenzake aliyeko Dar, akaweka simu sauti ya nje tusikie wote, akamweleza yote mpaka kutu ya dagaa. Sharifu alicheka kwanza, cheko refu la mtu aliyewahi kufanya kosa hilohilo, kisha akasema redio za siku hizi si zile za Landrova za mjomba. Hizi kila spika inataka nyaya zake mbili, zote ziende na kurudi kwenye redio. Ukipeleka hasi kwenye bodi, redio inajizima ili isiungue, na shukuruni kutu ya dagaa, bila hiyo ingeungua siku ya kwanza. Ukiziacha zimefungana bila kugusa bodi, upande wa kulia na wa kushoto unaanza kushindana. Chombo kilichowekwa upande mmoja kitasikika. Lakini mwimbaji huwekwa katikati, anatoka pande zote mbili sawasawa, na huyo anakuwa kama mlango unaosukumwa na watu wawili, mmoja ndani mmoja nje, kwa nguvu moja. Hausogei.

Nikauliza kwenye simu, kwa hiyo aliyewekwa pembeni atasikika peke yake? Sharifu akasema huyo atasikika kuliko alivyostahili. Nikamwelewa sana. Siku ya studio mimi na Mzee Yosefu tuliwekwa katikati kwa heshima, Clara akawekwa pembeni kwa sababu yeye ni wa kiitikio. Heshima yenyewe ndiyo iliyonifuta.

Najim alikata lile fundo huku akinung'unika juu ya waya anaoupoteza, akavuta nyaya mpya kutoka kila spika mpaka nyuma ya redio. Alichukua muda. Emmanueli alizungukazunguka gari, akapangusa kioo kisichokuwa na vumbi. Nilimwona ana wasiwasi, na mimi nilikuwa nao wangu, mkubwa kuliko wake. Adhana ikasikika, Najim akabana waya wa mwisho, akatuambia tujaribu wenyewe, yeye anawahi kuswali. Akachukua kopo la maji akaondoka.

Tukaingia. Emmanueli kwenye usukani, mimi pembeni yake, milango tumeifunga. Akachomeka flashi kwa uangalifu kama anayelaza kifaranga. Nikatazama mbele. Kinanda kikaanza, na ngoma safari hii zilikuja na uzito wake, nikazisikia kifuani. Emmanueli akatikisa kichwa, ameridhika. Kisha nikaingia mimi.

Sikutoka kwenye mlango wa kulia wala wa kushoto. Nilitoka hapo mbele yetu, katikati ya dashibodi, kama nimesimama kwenye boneti. Ubeti wote, neno kwa neno. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekunja uso, shingo ameinyoosha, anasikiliza kama mtu anayebishiwa hodi na mgeni. Clara akaita "njooni" kule pembeni, chini yangu, mmoja kati ya wengi. Emmanueli akanyoosha mkono akapunguza sauti.

"Huyu ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Kwa hilo pia nilikuwa nimejiandaa, lakini kujiandaa hakukunisaidia.

"Ni mimi."

Akageuka akanitazama. Alinitazama mdomo, halafu akaitazama redio, kama anayepima iwapo sauti ya kule inaweza kutoka hapa.

"Na yule wa kila siku?"

"Yule ni Clara. Mke wa katekista."

Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. Nilidhani atajitetea, atasema nilimwambia mwenyewe kwamba sauti ya kwanza ndiyo yangu, na angekuwa na haki. Hakujitetea. Aliongea akitazama ukuta wa bati wa Najim, kwa sauti ndogo, na ninavyomjua Emmanueli ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba maboksi ya vifaranga siku nzima.

"Kila akiita njooni nilikuwa namjibu," akasema. "Peke yangu, njiani. Nasema, nakuja, Mama Lulu."

Sikujua nicheke au nimpige. Katika miaka yote hiyo hajawahi kuniambia neno tamu kama hilo, na alikuwa amelisema barabara nzima ya Mkange, kwa jina langu, akimjibu mke wa mtu. Nilikuwa na hasira kweli. Nilitaka kushuka nirudi Zinga kwa miguu. Na hapohapo nilikuwa nayataka maneno yale yote, kila moja alilolipoteza njiani, nilitaka anirudishie.

Nikanyoosha mkono, nikaurudisha wimbo mwanzo, nikaongeza sauti.

"Jibu sasa," nikamwambia.